Aliyetanguliza Uso

Saa yangu ya mfukoni ilionyesha saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi jembe lilipoanguka juu ya jiwe. Mgawaji alikuwa amesimama kwenye ukingo wa ndiva, fimbo ya kupimia maji mkononi, na ndiyo kwanza alikuwa amelitamka jina la Mama Mbazi. Mgawaji alikakamaa tangu shingoni hadi vidole vya miguu. Mikono ilibana mbavuni, akaanguka mbele mzima mzima kama mlango uliong'oka bawaba, na paji lake la uso likagonga mawe. Hakupiga kelele. Watu kumi na wanane tuliokuwapo hatukumkimbilia. Wengi waligeuka kumtazama Mama Mbazi.

"Ndiva imemkataa," alisema mtu mmoja nyuma yangu.

"Nimefanya nini?" Mama Mbazi aliuliza. "Jamani, mimi nimefanya nini?"

Maji yake yalipelekwa kwa Msifuni, aliyemfuata katika zamu, ambaye wakati huo alikuwa ameinama kuokota jembe lake.

Ndiva ni bwawa la udongo na mawe lililojengwa juu ya mashamba. Katika milima yetu juu ya Same hakuna asiyeijua. Maji ya mfereji huingia humo usiku kucha, na asubuhi kizibo huchomolewa ili yashuke shambani kwa zamu. Mtu mmoja hupewa fimbo yenye alama. Huichovya, husoma kina, huita jina la mwenye zamu, na ndipo kizibo huchomolewa. Kwetu mtu huyo aliitwa Mgawaji. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini sikuwahi kumwita kwalo, na hapa sitaliandika.

Uso wake ulikuwa na makovu tisa. Niliyahesabu. Pua ilikuwa imevunjika mara mbili, na meno manne ya mbele hayakuwapo. Mtu mwingine akijikwaa hutanguliza mikono. Yeye alitanguliza uso, kwa sababu kile kilichomfunga miguu kiliifunga na mikono. Mlango ukibamizwa, kuku akiruka, mtu akimgusa bega kwa nyuma, mwili wake wote uligeuka ubao kwa muda wa kuhesabu hadi kumi au kumi na tano. Kisha uliachia, akainuka, akapangusa damu na kuendelea na sentensi aliyoiacha.

Nilimfahamu kwa karibu kwa sababu ya barabara. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikipasua njia ya kupanda mlimani, na mimi nilikuwa karani wa kambi, kazi yangu kuandika saa za vibarua na kupuliza filimbi kabla ya baruti. Jioni moja alikuja kambini. Alinijia kwa mbele, polepole, akasimama mbali kidogo.

"Wewe ndiye mwenye saa?"

"Ndimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hii baruti yenu hulia saa ngapi?"

"Saa sita mchana na saa kumi jioni. Jumapili hailii."

"Basi mkisema saa sita, iwe saa sita. Nikijua, nakaa chini. Mtu aliyekaa chini hana pa kuanguka."

Tangu siku hiyo, dakika kumi kabla ya kila mlipuko, aliketi sakafuni kwake, mgongo ukutani, amekumbatia nguzo. Mwili ulikakamaa vilevile, lakini haukuwa na pa kwenda. Hata hivyo siku moja msimamizi alikuwa na haraka, akawasha saa tano na nusu. Mgawaji aliangukia mafiga. Nilipokwenda kumtaka radhi nilimkuta mkewe akimpaka asali kwenye mkono ulioungua.

"Una daftari?" aliniuliza.

"Ninalo."

"Andika. Leo baruti imesema uongo."

Alikuwa anatania, lakini niliandika kweli. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, na mengine yote nimejifundisha kwa njia hiyohiyo, yaani kuandika ninachokiona na kukirudia. Nikafungua ukurasa wenye safu nne: siku, saa, mahali, na kilichotangulia anguko. Nilijaza safu hizo kwa miaka mitatu.

Nyumba yake ilikuwa ya pekee kijijini isiyokuwa na jogoo. Vifuniko vya vyungu vilifungwa vitambaa. Njia ya kuingilia uani ilitandazwa majani makavu ya migomba, ili mgeni asikike kidogo kidogo kabla hajafika. Mkewe alitembea akiburuza miguu na kuimba kwa sauti ya chini, na wageni tulifundishwa kuanza kukohoa tukiwa bado kwenye mibuni ya jirani. Ungedhani ni nyumba ya mtu mpole asiyetaka watu. Haikuwa hivyo. Alikuwa msemaji sana, mwenye utani mkali, na alipocheka pengo lake lilionekana lote.

Jambo lililonishangaza ni kwamba alipenda ngoma. Katika harusi alikuwa wa kwanza kufika. Aliketi chini kabla wapigaji hawajaanza, akapokea pigo la kwanza akiwa amekaa, kisha akainuka na kucheza hadi watu wamalize pombe. Nilimuuliza inawezekanaje.

"Kelele si adui yangu," alisema. "Adui ni ile ya kwanza. Hizo nyingine ni mvua tu."

Pombe ya miwa nayo aliinywa, ingawa kanisani aliahidi kuiacha. Alidai kikombe kimoja hulegeza kamba zilizomo ndani yake. Niliangalia daftari langu, na ni kweli kwamba siku za harusi alianguka mara chache zaidi.

Mganga wa dispensari ya Same alimwandikia kifafa. Nilikikataa kifafa hicho. Mwenye kifafa hupotewa na fahamu, hutetemeka, na akiamka hajui alikuwa wapi. Mgawaji hakupotewa na fahamu hata mara moja. "Nasikia yote," aliniambia. "Nikiwa pale chini nawasikia mnavyopumua. Nawasikia mnavyonicheka. Ni mdomo tu unaokataa kufunguka." Nimetafuta jina la ugonjwa huo katika kila kitabu kilichopita mikononi mwangu na sijalipata.

Wala haukuwa wake peke yake. Mama yake alikuwa nao, na watoto wawili wa kwanza wa Mgawaji walikufa nao wakiwa wachanga. Yule wa pili alikufa akiogeshwa. Maji yalimgusa usoni ghafla, akakakamaa kama mwiko, kifua kikasimama, akawa wa buluu mikononi mwa mama yake. Mtoto wa tatu alipozaliwa, bibi yake alihamia nyumbani humo kwa mwaka mzima. Kila mtoto alipokakamaa, bibi alimkunja: kichwa kwenye magoti, magoti kwenye kifua, akambana hivyo hadi pumzi irudi. Binti huyo aliishi. Mgawaji alinionyesha kukunja huko kwa kutumia mto wa magunia. "Usimpige mgongo, usimmwagie maji. Mkunje. Sisi wa kwetu tukinyooshwa tunakufa, tukikunjwa tunapona."

Ujana wake aliutaja mara moja tu, naye alikuwa amekunywa. Rika lake walimwita Gogo. Ulikuwa mchezo wa kila msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: mmoja alimnyemelea nyuma akapiga makofi, na akishaanguka wengine walipiga kelele, "Gogo limeanguka, leteni shoka!" Meno mawili yalitoka kwa mchezo huo. Posa yake ya kwanza ilirudishwa, kwa kuwa baba wa msichana alisema hatoi binti kwa mtu asiyeweza kubeba mtoto.

Kilichomwokoa ni bahati mbaya ya mtu mwingine. Alikuwa msaidizi tu wa mgawaji wa zamani, na siku moja alitumwa kuita majina. Alipofika jina la mtu fulani, jiwe lilibiringika kutoka mlimani, naye akaanguka. Jioni ile ikagundulika kwamba mtu huyo alikuwa akifungua mfereji kwa siri usiku. Wazee waliunganisha mambo hayo mawili. Ndiva tangu zamani ilikuwa na miiko yake: haipigiwi kelele, chungu chenye masizi hakichovywi humo. Sasa ilionekana imepata mtu wa kuisemea. Wakampa fimbo, na ikawa sheria: akianguka baada ya kulitaja jina lako, ndiva imekukataa, zamu yako inarukwa. Mtu aliyeanguka hivyo haguswi hadi ainuke mwenyewe.

Kuanzia hapo hakuna aliyempigia makofi tena. Akina mama waliwafinya watoto waliokimbia karibu naye. Gogo likafa, akabaki Mgawaji. Naye, nje ya maanguko hayo, alikuwa mgawaji wa haki kuliko wote niliowaona. Shamba la kaka yake mwenyewe alilipunguzia alama moja ya maji kwa sababu mfereji wake ulikuwa mchafu, na kaka yake hakuongea naye kwa mavuno mawili.

Narudi sasa kwenye asubuhi ile ya jembe. Ulikuwa mwaka wa ukame, na zamu ilirudi kila siku ya tisa. Mama Mbazi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume wa miaka kama kumi na saba, na mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele. Baada yake alikuja Msifuni, na baada ya Msifuni lilikuja shamba la mama yangu. Jembe la siku ile siwezi kuapa kwamba lilidondoshwa makusudi.

Mama Mbazi alikwenda kwa wazee kuuliza kosa lake. Walimwambia ajichunguze. Akajichunguza siku nane, akakumbuka kwamba mwaka wa kufiwa aliwahi kuosha sufuria karibu na ndiva. Alitoa mbuzi wa kusafisha jambo hilo, mbuzi pekee aliyekuwa naye.

Siku ya tisa Mgawaji aliliita jina lake. Safari hii nilikuwa namtazama Msifuni, si ndiva. Nilimwona akiinua jembe hadi usawa wa kiuno na kulifungulia vidole. Lililia juu ya jiwe, na Mgawaji akaanguka.

"Kumbe lipo kosa jingine!" Msifuni alisema kwa sauti. "Mama Mbazi, sema yote, mama. Usitumalize na watoto wetu."

Jioni hiyo nilipita juu ya majani ya migomba nikikohoa, daftari mkononi. Mgawaji alikuwa ameketi, jicho moja limevimba.

"Mzee, nimeandika maanguko arobaini na moja," nilimwambia. "Kila moja limetanguliwa na kishindo au mguso. Hata moja halikutanguliwa na dhambi ya mtu."

"Unadhani sijui?"

"Basi Mama Mbazi hana kosa."

"Hana."

"Na Msifuni anajua."

"Msifuni alikuwa miongoni mwa wale wa shoka, mwanangu. Alijua kabla hujazaliwa." "Ukisimama kesho ukasoma hicho kitabu chako, Mama Mbazi atapata maji. Na mimi kesho kutwa ni Gogo. Nina miaka hamsini na zaidi. Meno ya kung'olewa kwa makofi sina tena."

"Sasa tufanye nini?"

"Zamu ijayo nitamaliza mwenyewe. Nitawaambia kwa mdomo wangu, kabla sijaliita jina. Nipe siku tisa."

Nilimpa. Nilijiambia namheshimu mtu mzima. Ilikuwapo na sababu ya pili ambayo sikuiandika katika safu yoyote: kila zamu ya Mama Mbazi iliporukwa, maji yalifika kwa mama yangu mapema na mengi. Mahindi yetu yalikuwa ya kijani.

Siku ya tisa alifika amevaa kanzu safi. Nilimsikia harufu ya pombe ya miwa, nikajua amejiandaa. Alisimama ukingoni, akaichovya fimbo, akageuka kututazama.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna neno nataka kuwaambia kuhusu mimi."

Msifuni hakungoja neno. Alilipiga jembe juu ya jiwe kwa mikono miwili. Mgawaji alikuwa ameigeuzia ndiva mgongo, kwa hiyo mara hii alianguka kinyumenyume, majini. Alizama, maji yakamgeuza, kisha akaelea kifudifudi, amenyooka, bila kujitikisa. Nilitazama saa yangu, tabia ambayo sijajisamehe. Sekunde ishirini zilipita na hakuna aliyesogea, kwa sababu aliyeanguka haguswi.

"Anakufa!" Mama Mbazi alipiga kelele. "Mnamtazama tu? Mtoeni!"

Ndipo nilipoingia. Tulimvuta pamoja hadi ukingoni, mimi na yeye. Kifua kilikuwa kimesimama. Nilimkunja, kichwa kwenye magoti, magoti kifuani, kama alivyonifundisha kwa mto wa magunia, na nikambana hadi maji yalipomtoka puani na akavuta pumzi.

Alipoweza kusema, watu wote walikuwa wamezunguka. Msifuni alimwuliza, "Mzee, ulikuwa na neno?"

Mgawaji alimtazama Msifuni, kisha akanitazama mimi. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu, limelowa. Nilitazama chini.

"Neno limeniponyoka," alisema.

Ingawa jina la Mama Mbazi lilikuwa halijaitwa, zamu yake ilihesabiwa imekataliwa, na kizibo kilichomolewa kwa ajili ya Msifuni.

Mahindi ya Mama Mbazi yalikauka yote. Mtoto wake alishuka kwenda kukata mkonge, akaleta barua moja, hakuleta ya pili. Mwaka uliofuata mama huyo alihamia Kwakoa, kule tambarare, kwa kaka yake, akiamini kwamba ardhi ya mlimani ilikuwa imemtapika kwa sababu ya sufuria. Mgawaji alikaa na fimbo miaka sita zaidi. Alianza kuita majina akiwa ameketi, asiwe na pa kuanguka, na jembe la Msifuni halikuwa tena na kazi pale. Mimi na Mgawaji tulisalimiana kama kawaida. Daftari nililianika, nikalifunga, sikuongeza mstari.

Nilimwona mara ya mwisho Same, miaka tisa baada ya zamu ile. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni. Nilimkuta ghalani ameketi sakafuni, mgongo kwenye magunia, mkono mmoja umeshika mguu wa mizani. Alikuwa ameuliza gari la Moshi linafika saa ngapi na kujiweka tayari. Fimbo alikuwa ameshanyang'anywa, kwani baraza lilileta orodha ya kuandikwa na kijana wa kuisoma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwenye saa. Njoo kwa mbele nikuone." Makovu yalikuwa yamefika kumi na manne. "Wewe unajua hesabu. Nifanyie moja. Shamba la Mama Mbazi, mwaka ule, lingetoa magunia mangapi?"

"Sita. La mama yangu ni sawa na lile, lilitoa sita."

"Kwa bei ya mwaka ule?"

"Shilingi sita gunia. Thelathini na sita."

"Na mbuzi."

"Mbuzi shilingi tano. Jumla arobaini na moja."

Alifungua shuka. Shilingi kumi na tano zilikuwa zimefungwa moja moja katika majani ya mgomba, na sarafu mia moja ishirini na nne za senti kumi zimetungwa kwa uzi wa mkonge kupitia matundu yake, zimebanwa ili zisigongane. Alikuwa amekusanya pesa kwa miaka tisa bila kuzisikia zikilia.

"Ishirini na saba na senti arobaini," nilisema.

"Zipeleke Kwakoa. Mwambie yote. Mimi miguu imekataa tambarare."

"Hazitoshi, Mzee. Ningoje ukamilishe?"

"Zilizobaki si zangu," alisema.

Nilidhani anazungumzia umaskini. Treni ilipiga honi, akakakamaa palepale sakafuni, macho yake wazi yakinitazama muda wote. Nilihesabu hadi kumi na tano. Alipoachiwa, aliaga. Binti yake, yule aliyekunjwa, alikuwa nje akimngojea, naye aliingia akiburuza miguu na kuimba. Mgawaji alifariki kabla ya mvua za vuli, kitandani, bila kuanguka.

Kwakoa nilikwenda Jumapili. Mama Mbazi alikuwa akipepeta mtama. Nilimfungulia daftari, nikamsomea maanguko yote arobaini na moja, pamoja na mawili ya jina lake, nikamsimulia la tatu ambalo sikuliandika, na nikamweleza jembe. Alisikiliza bila kuacha kupepeta hadi nilipomaliza.

"Kwa hiyo sufuria haikuwa kitu."

"Haikuwa kitu, mama."

"Miaka tisa naomba toba ya sufuria." Aliweka ungo chini. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu zamu ya pili. Nikisema kweli, tangu ya kwanza."

"Na maji yangu yakitoka kwa Msifuni yalikuwa yakienda kwa nani?"

"Kwetu."

Alifungua majani, akazihesabu shilingi, akapitisha uzi wa senti vidoleni polepole kama mtu asomaye. Hakulia, wala hakunifukuza.

"Hizi ni za Mgawaji, nimezipokea," alisema. "Hesabu yako inasema arobaini na moja. Zako ziko wapi?"

Ndipo nilipoelewa kwamba mzee yule alikuwa amegawa mara ya mwisho, na kwamba alikuwa amegawa sawasawa. Nilimlipa kwa miezi minne, kutoka kwenye mshahara wangu: shilingi kumi na tatu na senti sitini.